Somo wa Mabinti wa Wenzangu

Mwaka wa pili wa kuishi kwangu Takoma Park, mama mmoja Mkenya niliyekuwa nikipanda naye basi la asubuhi aliniomba nifundishe wasichana. Yeye ndiye aliyeanzisha darasa la Kiswahili la Jumamosi, kwa watoto waliozaliwa au kukulia Marekani, katika chumba cha chini cha kanisa dogo karibu na kituo cha treni.

"Wewe si ulikuwa nesi huko kwenu?" aliniuliza.

"Nilikuwa. Hapa nawaogesha wazee tu."

"Basi, utatusaidia. Hawa wasichana wetu wanapewa karatasi za hedhi shuleni, lakini hakuna mtu anakaa nao chini. Wangu nikianza tu hiyo stori, ananifungia mlango."

Mimi ni Mwislamu wa Tanga, na kanisani sikuwa nimewahi kukaa ila kwenye harusi za marafiki. Hata hivyo nilikubali upesi. Jumamosi zilikuwa ndefu kwangu. Nikitoka kazini Ijumaa jioni, ningeweza kufika Jumatatu bila kusema neno na mtu, isipokuwa Jumapili asubuhi nilipopiga simu Tanga kwa kadi na kuzungumza na mama yangu na binti yangu. Nilimwacha ana miaka kumi. Sasa alikuwa anakaribia kumi na tatu.

Kwetu mama hamfundishi bintiye mambo haya. Msichana akivunja ungo anatafutiwa somo, mwanamke mwingine wa kumfunda. Wangu alikuwa jirani. Alinifunza kukunja kitambaa, kukifua na kukianika pasipoonekana na wanaume. Mama alijua kila kitu, nami nilijua kwamba anajua, wala hatukulitaja jambo hilo hata siku moja.

Siku ya kwanza walikuja wasichana sita. Nilizipanga pedi mezani, nikafungua moja, nikaimwagia maji waone inavyonyonya. Walicheka wakizibana midomo. Nilisema kwa Kiswahili, wakaniuliza kwa Kiingereza: inauma? Mtu anaweza kuogelea? Nilipowaambia kwamba damu ya siku zote zile ni vijiko vichache tu vya chakula, walitazamana.

Mmoja hakucheka wala kuuliza. Alikuwa Mkongomani wa miaka kumi na tatu hivi, aliyefika mwaka ule kutoka kambi ya wakimbizi na baba yake mdogo na kaka zake wawili. Koti hakulivua. Wenzake walipoondoka alibaki akinisaidia kupanga viti.

"Mama," alisema, "ile damu inakuya kila mwezi mpaka wakati gani?"

"Mpaka uwe mtu mzima kunipita mimi. Wewe umeshaanza?"

"Tangu tuko kambini. Nilikuwa nawaza ni ugonjwa."

"Ulimwambia nani?"

"Hakuna mtu. Mama alikufa. Kwetu ni banaume tupu."

Aliniambia alikuwa akikata fulana za zamani, na kwamba kila mwezi alimwomba Mungu asimwache afe kabla ya kumaliza shule. Nikavuta viti viwili tulivyokuwa tumeshavipanga, tukakaa. Nilimweleza upya, polepole, kuanzia mwanzo: damu inatoka wapi, kwa nini, na namna ya kuhesabu siku kwenye kalenda. Tulikaa mpaka mlinzi wa kanisa alipokuja kufunga. Kisha nikampeleka duka la dawa. Alitembea hatua mbili nyuma yangu, kama hatujuani. Tulipotoka, pakiti akiwa ameificha ndani ya koti, aliniuliza, "Mama, uko na mtoto mwanamke?"

"Ninaye. Yuko nyumbani, Tanga."

"Basi yeye anajua hizi zote."

Nilimjibu ndiyo.

Asubuhi yake nilikaa na simu mkononi nikiyapanga maneno. Nilitaka kuyasema vilevile nilivyoyasema kanisani, bila kuzunguka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Uko peke yako?"

"Bibi yuko uani."

"Nataka tuzungumze mambo ya kikubwa kidogo. Siku moja utaona damu..."

"Mama, nimeshaona."

"Lini?"

"Kabla ya Ramadhani. Mama mdogo amenifundisha yote. Na zile siku ambazo sikufunga nimeshazilipa."

Ramadhani ilikuwa imepita miezi mitano. Nilipiga simu kila Jumapili ya miezi hiyo, nikamwuliza habari za shule, za bibi, za meno yake.

"Mbona hukuniambia?"

"Mama mdogo alisema mama haambiwi."

Alisema bila ubaya wowote, na mdogo wangu hakukosea. Ndivyo tulivyolelewa sote wawili. Lakini desturi ile iliwekwa kwa mama anayelala nyumba moja na bintiye. Yeye haambiwi, lakini anaona: mtoto anavyokaa kwa uangalifu, anavyokawia bafuni, anavyokataa kubebeshwa ndoo. Mimi sikuambiwa, na sikuona. Nilimwambia vizuri, hongera, kisha tukazungumza habari za mitihani mpaka kadi ikaisha.

Niliendelea na darasa miaka miwili zaidi. Yule msichana wa Kongo alikuja kila Jumamosi, na baadaye akawa anawatafsiria wadogo maneno yangu kwa Kiingereza. Kisha baba yake mdogo akapata kazi jimbo jingine wakahama. Kanisa nalo likauzwa, darasa likafa.

Hati za binti yangu za kuja kuishi nami Marekani zilitoka akiwa ameshaanza chuo cha ualimu. "Ngoja nimalize kwanza, mama," alisema. Alipomaliza akaajiriwa, na habari ya kuja haikutajwa tena. Sikumlazimisha. Kazini niliomba zamu ya Jumamosi, nikapewa. Jumapili nilipiga simu kama kawaida. Tulizungumza vizuri, bila kugombana hata mara moja, kama watu wanaoheshimiana.