Theopista Agoma Kushuka

Theopista wa Izimbya alikuwa mtu wa meli. Kwake yeye, kufika Mwanza kulitaka usiku mzima wa kuyumba ziwani, na hakuna aliyeweza kumwambia vinginevyo. Lakini mwaka uliofuata Azimio la Arusha, binti yake Benigna, aliyeolewa na mwalimu huko Mwanza, alijifungua mtoto wa kwanza, na habari zikaja kwamba hali chakula. Ugali ulimshinda. Alitaka ebitoke vya mama yake, ndizi na maharage vilivyopikwa kwenye majani ya mgomba, tena vya moto.

Kwa meli vingefika vimelala. Basi mdogo wake Ildefons, karani wa ushirika wa kahawa mjini Bukoba, akamkatia tiketi ya ndege.

"Ni maili mia na kumi tu, dada. Saa nzima haiishi."

"Maili zako za vitabuni hizo," alisema Theopista. Hata hivyo alilala kwa Ildefons, mtaa wa Kibeta, akapika alfajiri, akafunga majani juu ya majani na kwenda uwanjani na kapu lake la moto.

Ndegeni alifanya kama afanyavyo muungwana melini. Alimkabidhi kapu jirani yake wa kiti, Thakorbhai, mwenye duka la vitambaa Bukoba, akatoa akamwani, zile kahawa kavu za kutafuna, akaanza kuwapitia abiria. Kila mmoja alimgawia, akamuuliza habari za nyumbani, za watoto na za shamba. Hakuwa amefika nusu ya viti mhudumu alipomrudisha akae, afunge mkanda.

Ndege ikainama. Chini, ziwa. Ikatua. Theopista akawa na hakika kwamba wameharibikiwa na wamerudishwa Bukoba. Angefikaje Mwanza, na watu hajamaliza kuwasalimu?

Wenzake wakashuka. Yeye akakumbatia kapu.

"Mama, tumefika," alisema mhudumu.

"Mimi nakwenda Mwanza, waitu. Hapa sishuki."

Walimbembeleza. Rubani mwenyewe akaja, akaambiwa kwamba ziwa lile Theopista analijua tangu utotoni, asidanganywe. Wakati huo joto la kapu lilikuwa likipungua mapajani, na roho ilimuuma vibaya. Thakorbhai, aliyekuwa ameshashuka, akapanda tena ngazi.

"Mama Benigna, tazama kule nje. Lini Bukoba imekuwa na majabali yaliyopandana namna ile?"

Theopista akatazama. Akatazama tena.

"Maawe," alisema, akateremka mbio bila kumuaga mtu.

Benigna alikuwa kitandani, mtoto kifuani. Majani yalipofunuliwa, mvuke mwembamba ukapanda. Alikula, akafika katikati, akaanza kulia.

"Vina kasoro gani?"

"Havina, mama. Ni vya moto. Kumbe nyumbani ni karibu hivi, na mimi mwaka mzima nalia kama niko Ulaya."

Theopista akampokea mjukuu, akicheka na machozi yakimtoka.

"Hata mimi nililia," alisema. "Tumemaliza machozi bure, mwanangu. Kula."