Kushika Kamba Juu ya Papa

Ukifika Kapsoit, huku Kericho, uulize buchari, utaonyeshwa yangu kwanza, zile zingine baadaye. Hayo si majivuno, ni ukweli. Niliacha shule darasa la sita, nikaanza kwa kusukuma vichwa na matumbo ya mbuzi kwa wilbaro, na leo nina buchari mbili na kichinjio changu mwenyewe. Wakati wa bonasi ya majani chai watu hupiga foleni mpaka barabarani. Nimeangusha mafahali walioshinda vijana wanne. Kwa hivyo mtu akisoma hapa kwamba niliogopa, ajue aliyeogopa si mtu wa kuogopa ovyo.

Binti yangu wa kwanza nilimsomesha chuo pale Kabianga. Alipomaliza, badala ya kutafuta ofisi kama watoto wa wenzangu, akaenda Pwani kufanya kazi chini ya bahari. Nasema chini, si juu. Anabeba hewa mgongoni ndani ya mtungi, anashuka na wageni, na hao wageni wanalipa ili wamwangalie papa akiwa hai. Siku ambazo hakuna wageni, yeye na wenzake huzunguka mwamba huo kwa mashua wakifukuza wavuvi, maana pale uvuvi umekatazwa kabisa, hata wa ndoano, sembuse wa mishale.

Mama yake akawa halali vizuri. Kanisani mzee mmoja akanishika koti baada ya ibada: "Wewe mtu wa maana hivi, msichana wako anachunga samaki?" Niliona aibu. Nikachukua chumba kilichokuwa kando ya buchari yangu, nikakipaka rangi, nikatia meza na jiko la kuchoma nyama. Hoteli ilikuwa tayari, kilichobaki ni binti yangu kuja kukaa kwenye kaunta. Nikasafiri kwenda kumchukua. Kwa simu nilimwambia naenda kumsalimia tu.

Alinipokea vizuri, akanipikia, lakini hakunipa nafasi. "Baba, najua una neno. Kabla hujalisema, ona kazi yangu kwanza."

Kuogelea najua. Nilijifunza nikiwa kijana kwenye bwawa la kiwanda cha majani, maji baridi mpaka meno yanagongana. Binti yangu akanipeleka kwenye dimbwi la kuogelea la hoteli moja, akanifundisha kupumua kwa bomba mpaka nikaacha kuling'ata kama mfupa. Kesho yake tukaingia mashuani. Nahodha alikuwa Mswahili mwembamba wa rika langu, mwenye mdomo.

"Mzee, huko kwenu kuna bahari?"

"Kuna majani chai. Ukisimama mlimani ni kijani mpaka macho yachoke."

"Na ndani ya hiyo chai kuna papa?"

"Papa hakuna. Kuna nyoka na wasimamizi."

Alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikapata moyo wa kutania, nikamwambia binti yangu anichagulie papa mmoja mnene, nimpeleke buchari nimtundike karibu na mbuzi.

Hakucheka. "Baba, ukoo wetu una mnyama wake, yule tusiyemuua. Mtu akija na bunduki amuue mbele yako, utamwangalia tu?"

"Yule ni wa ukoo. Papa ni wa ukoo gani?"

"Wangu," akasema, akaanza kunifunga mtungi mgongoni.

Tulishuka tukishika kamba ya nanga. Hapakuwa mbali sana, lakini kwangu palikuwa mbali vya kutosha. Tukapiga magoti kwenye mchanga kando ya mwamba. Wakaja. Walikuwa watatu, wa kijivu, kila mmoja mrefu kuliko mimi. Nilitarajia meno. Badala yake walipita pole pole, wakarudi, wakapita tena, wametulia kama ng'ombe waliokwisha kukamuliwa. Binti yangu aliniangalia ndani ya miwani yake, nikajua anatabasamu. Hata mimi pumzi ilianza kushuka.

Halafu tukasikia injini juu yetu. Chini ya maji injini haina upande, inalia ndani ya kichwa chako. Nikaona mtu anateremka bila mtungi, amebana pumzi, mkononi ana bunduki ya mishale. Kiunoni alikuwa amefunga samaki kwa uzi, samaki waliochomwa mishale, wengine bado wanapigapiga. Akalenga samaki mkubwa aliyekuwa mlangoni mwa pango, nahodha aliniambia baadaye kwamba huitwa tewa. Tap! Mshale ukaingia.

Mimi najua damu. Nimeishi nayo kuliko nilivyoishi na wazazi wangu. Lakini ile haikuwa nyekundu. Kule chini ilikuwa ya kijani, inapanda kama moshi wa kuni mbichi, na papa wakabadilika.

Nisikilize vizuri hapa. Ukichinja ng'ombe karibu na boma, wale wengine wakinusa damu ya mwenzao, hakuna ng'ombe tena hapo. Yule mpole uliyemlisha kwa mkono anachimba udongo kwa kwato, anazunguka, anagonga wenzake, macho yanamtoka. Mtu wa kwetu akiona hivyo haulizi, anatafuta mti wa kupanda. Niliwaona wale papa wakipinda migongo, mapezi yameshuka, mzunguko unakuwa mdogo na wa haraka. Wakaongezeka. Nilikuwa nawajua. Nilikuwa najua kabisa kinachofuata, na pale hapakuwa na mti.

Nitalisema na hili: nilikojoa ndani ya ile nguo ya mpira. Mtu wa Kapsoit anayetaka kucheka, acheke sasa amalize.

Binti yangu akanisukuma mgongo kwenye mwamba, akanionyesha kiganja: hapo hapo. Halafu akaniacha. Akaogelea moja kwa moja kwa yule mwanamume, kwa sababu papa mmoja alikuwa ameanza kufuata samaki wa kiunoni, na mwanamume mwenyewe amekwama, uzi wa samaki umenasa kwenye jiwe, anapiga mateke, anazidi kuwaita. Nilitaka kupiga kelele. Na bomba mdomoni utapiga kelele gani? Niliona mtoto wangu anaingia katikati ya wale wanyama kama anayeingia dukani. Akachomoa kisu pajani, akakata uzi. Samaki wakaanguka kama furushi, papa wakawafuata, naye akamsukuma yule mtu makalioni apande juu.

Hapo ndipo mwenzake yule mtu, aliyekuwa karibu na juu, akapiga mshale wake kwa woga. Ukampata papa mmoja nyuma ya pezi la mgongo. Papa akaruka, akazunguka mwamba, kamba ya mshale ikajizungusha kwenye mawe pamoja naye, na bunduki ikamtoka mpigaji mikononi.

Binti yangu alinirudia, akanishika mshipi, akanipandisha pole pole. Mimi nilitaka kupaa kama kizibo cha soda. Yeye alinivuta chini kila nilipoharakisha, maana kupanda haraka kunapasua mapafu.

Wale watu walikuwa mashuani mwao wakihema. Watu wa bara kama sisi, waliokuja kustarehe. Mmoja tumbo lilikuwa limetangulia.

"Hao samaki wako nusura watuue!" akampigia binti yangu kelele.

"Na nani aliwamwagia damu?" nahodha akajibu. "Hapa hapavuliwi, mmeambiwa tangu ufuoni. Nambari ya mashua ninayo."

"Na bunduki yangu je? Imebaki chini na huyo papa," mwenzake akadakia.

"Basi mfuate," nahodha akasema. "Anakusubiri."

Wakawasha injini wakaondoka. Aliyebaki na shida alikuwa binti yangu. Alikuwa ameketi ukingoni, anatazama maji. Akanieleza kwa sauti ya chini: papa wa aina ile lazima atembee ndipo maji yapite kooni mwake apumue. Akizuiwa, anakufa kama mtu aliyezibwa pua. Yule alikuwa amefungwa kwa mwamba. Wenzake wa kazi walikuwa ufuoni, mpaka wafike mnyama atakuwa amekwisha. Sheria yao ni kushuka wawili wawili, au mmoja akiwa amefungwa kamba inayoshikwa na mtu juu. Nahodha hangeweza kuacha usukani, nanga ilikuwa imeng'oka na mkondo ulikuwa unatusukuma kwenye mawe.

Kamba ilibaki yangu.

"Baba," akasema, "ukisema nisiende, sitaenda."

Sasa tazama. Neno nililosafiri nalo kutoka Kericho lilikuwa hilo hilo. Usiende. Rudi nyumbani. Lilikuwa tayari kwenye ulimi, na yeye mwenyewe amenifungulia mlango. Na angetii, hilo sina shaka, hajawahi kunivunjia neno. Chini yetu wale papa walikuwa bado wanazunguka, niliweza kuona vivuli.

Nikamuuliza, "Wewe unaogopa?"

"Naogopa, Baba. Sana."

Kichinjioni kwangu, kijana anayeniambia haogopi fahali simpi kamba. Huyo ndiye anayepigwa pembe. Ninampa yule anayeogopa na bado anasogea. Kama angenijibu haogopi, ningemfunga kwa hiyo hiyo kamba nimrudishe Kapsoit. Lakini alisema anaogopa, na nikakosa sababu.

"Nenda," nikasema.

Alinifundisha: akivuta mara moja, yuko sawa. Akivuta mfululizo, nimpandishe kwa nguvu zote. Akajifunga kifuani, akaanguka nyuma majini, kamba ikaanza kuniponyoka mkononi.

Nimeshika kamba za mafahali maisha yangu yote. Kamba ya fahali inakuambia kila kitu: amekasirika, amechoka, anataka kugeuka. Ile haikuniambia neno. Ilikwenda, ikasimama. Mapovu yalipanda mahali pamoja, yakafifia, nikahesabu pumzi zangu badala ya zake, nikakosea. Nilimwomba Mungu kwa Kipsigis, maana Kiswahili kilikuwa kimenitoroka. Halafu kamba ikachapwa upande, nguvu moja kubwa, nikagonga magoti kwenye ubao.

"Usivute!" nahodha akanguruma. "Mzee, hajaomba! Ukimvuta sasa utamharibia!"

"Ni mtoto wangu!"

"Ndiyo maana usivute!"

Mikono yangu ilikuwa inavuta yenyewe. Nilijiambia mutyo, mutyo, pole pole, kama ninavyowaambia wanyama kabla ya kisu, na hilo likaniogopesha zaidi. Kamba ikalegea. Kamba iliyolegea ni mbaya kuliko iliyokazwa. Nilitazama maji nikiwa na hakika yatabadilika rangi, na nikakumbuka kwamba kule chini rangi yenyewe isingekuwa ile ninayoijua.

Ikavutwa. Mara moja.

Nilijibu kwa kuvuta mara moja, ingawa sikuwa nimeambiwa nijibu. Muda ukapita, ndipo kichwa kikatokea karibu na mashua, akang'oa bomba mdomoni.

"Ameenda?" nahodha akauliza.

"Ameenda na mshale mwilini. Sikuweza kuutoa, alikuwa ananitupa huku na huku. Nimekata kamba tu." Alikuwa analia na maji ya bahari usoni, huwezi kutenganisha. "Sijui kama atapona."

Tulimpandisha. Akaniambia, "Baba, achilia kamba." Nikajaribu. Vidole vilikataa kufunguka. Ikabidi afungue fundo upande wake, kifuani, mimi nibaki na kamba yangu, na nahodha safari hii hakunitania.

Jioni aliuliza lile neno nililokuja nalo. Nikamwambia mama yake anamsalimia.

Chumba cha kando ya buchari nimempa fundi wa simu, ana wateja wengi. Mzee wa kanisa bado ananishika koti, nami namjibu kwamba mtoto wangu ana kazi ambayo yeye mwenyewe hangeiweza hata akiwa ameshikwa mkono. Hayo ni ya mbele ya watu. Ukweli ni kwamba kila asubuhi anapotoka majini ananitumia ujumbe, neno moja tu, "Juu." Mpaka uingie, sikati nyama. Wateja wakinung'unika, nawaambia kisu bado kinanolewa.