Maji ya Kwanza ya Poki

Ozella Crume alikuwa mwoga na hakuona haya kulisema. Aliogopa radi, aliogopa mbwa wa mchungaji wa kanisa, na zaidi ya vyote aliogopa kumlisha mtu kitu kikamdhuru. Cha ajabu ni kwamba mwoga huyuhuyu ndiye aliyelisha nusu ya mtaa wa Tillery Bottom kupitia dirisha la jiko lake, tangu mumewe alipofariki na kumwachia nyumba ya mbao na sufuria nzito za chuma. Mtaani hapo huulizwi chakula chako kina ladha gani. Unaulizwa kimetoka mikononi mwa nani, na mikono ya Ozella ilikuwa haijawahi kuharibu tumbo la mtu.

Kila majira ya kuchipua alipika poki. Ni majani yanayojiotea kando ya reli na nyuma ya ua. Ukiyaweza yanaushinda mchicha kwa utamu, usipoyaweza yanakuua. Unachemsha, unamwaga maji. Unachemsha tena, unamwaga tena, ndipo uyakaange na mafuta na vitunguu. Maji ya kwanza ndiyo yenye balaa. Mama yake alimkanya tangu utotoni: maji ya kwanza ya poki yakiwa motoni, usiketi, usiitike mlangoni, usitoke hata nyumba ikiwaka moto.

Sukuma wiki ni kinyume chake. Supu ya sukuma iliyopikwa na shingo ya bata mzinga aliyekaushwa kwa moshi haimwagwi hata tone. Kikombe cha kwanza ni cha mkubwa wa mtaa kwa umri, na mkubwa wa Tillery Bottom alikuwa Mzee Lucius Broadnax, mstaafu wa reli, mgane, mwenye moyo uliochoka na kifua kisichoisha kukohoa.

Jumamosi moja kanisa lilikuwa limealika wageni kutoka mji wa Birmingham, waje watembee kibaraza hadi kibaraza wakionja mapishi ya mtaa. Upande wa pili wa barabara, jirani yake Earnestine Gaskew alikuwa akikaanga kambare. Kwa Ozella ingekuwa poki. Upande wa nyuma wa jiko lake uligoma kuwaka asubuhi hiyo, kwa hiyo sufuria ya poki aliiweka mbele, mahali ambapo siku zote hukaa sukuma. Sukuma yenyewe ilikuwa imeiva, ameiepua na kuifunika taulo mezani.

Wageni wakafika mapema. Mmoja aliita kutoka uani: "Bi Ozella! Tunaweza kukupiga picha hapa dirishani kwako?"

Angesema wasubiri. Lakini siku hiyo alikuwa amevaa aproni mpya, na tangu azaliwe hakuna aliyewahi kutoka mji mwingine kuja kumpiga picha. Akatoka. Akacheka, akageuzwa huku, akageuzwa kule, akaulizwa alijifunza wapi kupika, naye akajibu kwa maneno mengi kuliko ilivyohitajika.

Aliporudi jikoni kifuniko kilikuwa kimekaa upande, upawa umelowa, na maji ya poki yamepungua.

Alijaribu kujidanganya kwamba yamechemka yakafurika, lakini jiko lilikuwa kavu kabisa. Kuna mtu alikuwa amechota. Akavuka barabara kwa Earnestine, aliyezoea kuingia jikoni kwake bila kubisha, karibu agongwe na gari.

"Earnestine, umeingia jikoni kwangu?"

"Nimeingia, kwani umeficha dhahabu?" Earnestine aligeuza samaki bila kumtazama. "Wewe uko nje unapigwa picha kama bibi harusi, Mzee Lucius akae na njaa mpaka jioni? Nimempelekea supu yake."

"Umechota sufuria ipi?"

"Ile ya mbele. Si ndiyo ya sukuma miaka nenda miaka rudi?" Kisha akamtazama usoni, na sauti ikamshuka. "Zella. Usiniambie."

"Ni poki. Maji ya kwanza."

Earnestine akabaki na koleo mkononi, samaki wakiungua. Ozella alikuwa ameshakimbia.

Alikimbia vibaya, kwa mwili wake mzito na viatu vyake vya nyumbani. Barabara nzima ilinukia mbavu za moshi na mkate wa mahindi uliotoka tanurini sasa hivi. Watu walimwita kutoka vibarazani, "Njoo uonje, Bi Zella!", na harufu zile alizozipenda maisha yake yote zikamtia kichefuchefu. Akilini alimwona mzee amelala kichwa upande, amekwisha. Na chini ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine iliyomwaibisha: watu watasema nini, na nani atasimama tena dirishani kwake. Alijichukia kwa kuiwaza, lakini aliiwaza.

Mzee Lucius alikuwa kwenye kiti chake cha bembea. Kikombe kilikuwa miguuni pake, kitupu.

"Binti," alisema, "supu yako ya leo ilikuwa chungu."

"Umekunywa yote?"

"Yote. Ningeimwaga supu yako mimi? Nikasema labda umenitilia dawa ya kifua."

Ozella alipiga kelele watu waite gari la wagonjwa. Halikuchelewa sana, lakini lilipofika mzee alikuwa ameshatapika mara kadhaa, jasho linamtiririka, midomo imebadilika rangi. Ozella alikuwa amekipakata kichwa cha mzee na kumwomba Mungu kwa sauti. Wageni walikuwa wamekusanyika na sahani zao. Earnestine naye alikuwa amefika, mikono myeupe kwa unga.

Mhudumu wa gari alipiga magoti. "Babu, umekula nini?"

Mzee alimtazama Ozella, akatazama wageni, akavuta pumzi kwa shida. "Samaki. Samaki wa jana, nimejipikia."

Mzee Lucius hajui kuchemsha yai. Ozella alielewa papo hapo kwamba anamfichia aibu yake, na anamfichia kwa gharama ya roho yake mwenyewe, maana hospitali wangehangaika na samaki huku sumu ya poki ikiendelea na kazi yake. Kunyamaza kulikuwa rahisi mno. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa radi yoyote.

"Si samaki," alisema. "Ni maji ya kwanza ya poki. Kikombe kizima. Yametoka jikoni kwangu."

Mhudumu aliyasema maneno hayohayo kwenye redio ya kuwasiliana na hospitali. Nyuma yake Ozella alisikia sahani ikiwekwa chini, kisha nyingine. Walipokuwa wakimwinua mzee kwenye machela, alimshika kidole.

"Ungenyamaza tu, binti," alinong'ona. "Nani atakula kwako sasa?"

Ozella alipanda naye garini.

Mzee Lucius alipona. Alirudi amekonda, analalamikia uji wa hospitali kwa kila aliyepita. Dirisha la Ozella, hata hivyo, halikupona. Alipika kidogo, akalifungua, akasimama. Watu walimsalimu wakitazama viatu vyao na kupita. Hakuwalaumu, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akiziogopa sufuria zake. Kila alichopika alikionja, kisha akaketi akingoja tumbo limuume. Usiku aliota vifuniko vilivyokaa upande.

Hali ilikuwa hivyo hadi mchana mmoja Earnestine aliposimama dirishani na sahani yake mwenyewe.

"Nipakulie."

"Nikupakulie nini?"

"Chochote kilichopo."

Ozella alimpakulia sukuma na wali. Earnestine hakuingia ndani. Alikula akiwa amesimama palepale, barabara nzima ikimwona, na machozi yakaanza kumtoka akiwa bado anatafuna.

"Kwa nini hukunitaja, Zella? Mtaa mzima unasema ni wewe, na mimi kimya kama maji mtungini."

"Ningekutaja, yale maji yangemtoka mzee tumboni?"

"Hapana."

"Basi kula."

Earnestine alimeza. Kisha akageuka kuelekea barabarani, akapaza sauti ile anayoitumia kwaya ya kanisa ikipotea njia. "Nyie mnaochungulia kwenye mapazia! Ni mimi niliyemchotea Mzee Lucius! Si Zella, ni mimi, kwa mkono wangu huu!"

Ozella alinyoosha mkono dirishani amvute nguo anyamaze. Aliona sasa ni majiko mawili watu hawatayagusa tena, na yeye alikuwa ameyavumilia yote hayo ili liwe moja. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Mlango wa jirani ulifunguka kidogo, mtu akasimama pale akitazama.

Earnestine alijifuta uso kwa kiwiko, akaisukuma sahani yake dirishani.

"Niongezee," alisema.