Jina Moja, Ukurasa Mmoja

Kazi yangu hapa Voi ni kuwatunza watu ndani ya kompyuta. Maktaba yetu ndogo ina hazina ya maarifa: nani huko vijijini anajua dawa za mifugo, nani anasuka, nani bado ana mbegu za zamani, na anapatikana kwa simu gani. Kila mtu ana ukurasa wake. Ni kazi tamu, na mimi nilikuwa nikijiona fundi.

Kompyuta ikiona kurasa mbili zinafanana, huuliza kama hao ni mtu mmoja. Siku hiyo iliniletea wanawake wawili wa Marungu. Jina moja, jina la baba moja, kijiji kimoja, umri umekaribiana. Nikabonyeza ndiyo, nikaenda kunywa chai.

Mtu wa kutoka mbali angefanya hivyo, ningemsamehe. Mimi ni mtu wa milimani. Kwetu mtoto hupewa jina la babu au la nyanya, na mzee mwenye wake wawili huweza kuwa na mabinti wawili wenye jina moja la mama yake, kwa kuwa hakuna mke anayekubali kunyimwa jina la mama mkwe. Hata nyumbani kwetu wenye jina langu tulikuwa wawili. Tukiitwa tuliitika sote, mpaka anayeita aongeze jina la mama. Ukurasa wetu una nafasi ya jina la mama. Nilikuwa nairuka kwa sababu ilinichelewesha.

Baadaye wakulima wa Mboghoni wakaomba kukutana na mwenye mbegu za zamani za mtama na kunde. Nikafungua ukurasa, nikapiga namba iliyokuwapo, nikamwambia mama aliyepokea kwamba kuna wageni wanataka kuja kujifunza kwake. Akauliza kama nina hakika ni yeye. Nikamsomea jina lake lote. Akasema karibuni.

Tulipofika, uwanja ulikuwa umefagiliwa mpaka nje ya lango. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, amechinja kuku, na juu ya mkeka amepanga vikapu vya mkonge vyenye mistari myekundu, vikubwa nyuma na vidogo mbele. Mimi nilidhani ni vya kuwekea mbegu. Tukala, tukashiba. Kisha mkulima mmoja, kwa adabu zote, akamwomba atuonyeshe mbegu.

Alivitazama vikapu vyake. Nilielewa kabla hajasema neno, na masikio yakaniwaka moto.

"Mbegu ni za dada yangu," alisema. "Wa mama mkubwa. Nyumba yake ni ile ng'ambo ya shamba. Hana simu."

Hapo nilifanya jambo ambalo linaniuma kuliko kosa lenyewe. Nilisema mashine imetuchanganya. Wakulima wakatikisa vichwa, wakailaumu mashine pamoja nami. Kuku wa yule mama alikuwa bado ananukia mikononi mwangu, na mimi nadanganya uwanjani kwake.

Hakubishana nami. Alisubiri wageni wasimame kunawa, akanisogelea.

"Mwanangu, tangu utotoni likiitwa hilo jina anatakiwa yeye," alisema. "Ndiyo maana nilikuuliza. Ukaniambia ni mimi."

Akajitupia leso begani, akawapeleka wageni kwa dada yake yeye mwenyewe, na nilimsikia akimsifu dada yake njiani. Mchana wote tuliangalia mbegu. Tuliporudi kuchukua gari, mkeka ulikuwa umekunjwa na vikapu havipo.

Kesho yake nilizitenganisha zile kurasa. Mbegu nikazirudisha kwa mwenyewe, kila mmoja nikamwandikia jina la mama yake. Nilipofika penye swali la anachojua huyu wa pili, palikuwa patupu, maana nilipowaunganisha maelezo yake yalifutika. Nikajaribu kuandika juu ya vikapu. Sikujua vinasukwaje, wala ile mistari myekundu ina maana gani, kwa sababu sikushika hata kimoja wala sikuuliza.

Hadi leo ukurasa wake una jina, jina la mama yake, na namba ya simu ambayo naona haya kuipiga.