Blauzi za Kina Mama na Herufi D

Kompyuta yetu ilikuwa imekuwa nzito mno, kila kitu kinafunguka kwa kujivuta, nikaipeleka kwa fundi. Akafuta Windows ya zamani, akaweka mpya pamoja na programu yangu ya kudarizi. "Vitu vyako vya diski D sijavigusa, dada," aliniambia alipokuwa akinikabidhi. Alikuwa anasema kweli, ingawa siku iliyofuata nilimwita mwongo.

Mimi na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, tuna kibanda cha ushonaji Bombambili. Yeye ndiye aliyenifundisha kushona nilipoolewa nikitokea Lusewa, sijui hata kubadilisha sindano. Siku hizi yeye anakata na kushona, mimi nadarizi. Mashine ya kudarizi imeungwa na kompyuta kwa waya: unachora nembo kwenye programu, unapanga rangi, mashine inafanya yaliyobaki. Mimi ndiye niliyeitaka mashine hiyo. Wifi hakuipenda. Alizoea kudarizi kwa cherehani ya miguu, kitambaa kimebanwa kwenye fremu ya mbao, na alishasema mara nyingi kwamba nembo iliyomo ndani ya kioo cha kompyuta haishikiki.

Tulikuwa na kazi ya kina mama wa jumuiya moja ya Mjimwema. Walitaka blauzi nyeupe zenye msalaba uliozungukwa na masuke ya ngano, na jina la jumuiya chini yake, wazivae kwenye sikukuu ya somo wa parokia, mtakatifu wake msimamizi. Mwenyekiti wao alishaikubali nembo, na wifi alishamaliza kushona blauzi. Ilibaki kudarizi tu.

Nikafungua programu, nikaita kazi ile. Ikaniambia haioni faili. Nikajaribu kazi nyingine, ya sare za shule. Haioni. Nikaenda mwenyewe kwenye diski D, na kompyuta ikaniambia niweke sidii.

Nikaifunga programu, nikaifungua tena. Jibu likawa lilelile.

"Vipi?" wifi akauliza.

"Nembo hazipo."

"Zote?"

"Zote."

Nilisubiri aseme lile neno lake la nembo isiyoshikika. Yeye alichukua blauzi moja juu ya rundo, akatafuta chaki ya bluu, akaanza kuchora msalaba kifuani kwa mkono, kisha masuke, moja moja.

Nikampigia fundi. Alikuwa njiani kwenda Mbinga, sauti inakatikakatika.

"Umefuta kazi zangu! Ulinidanganya!"

"Sijafuta kitu, dada. Angalia diski zilizopo. Kuna E?"

"Ipo."

"Ifungue."

Nikaifungua. Folda zangu zote zilikuwa mle, kwa majina niliyozipa.

"Nilipoweka Windows mpya, sehemu ya sidii iliiwahi D," akasema. "Diski yako ikapewa E. Vitu ni vilevile, herufi tu ndiyo ime..." Simu ikakatika, nisipate hata nafasi ya kumwomba radhi.

Nilidhani yameisha. Nikaufungua msalaba kutoka E, ukaja. Lakini ile kazi yenyewe, inayokusanya msalaba, masuke na maandishi kuwa nembo moja, ilikuwa imehifadhiwa ikijua kwamba vipande vyake viko D, na huko ndiko ilikoendelea kuvitafuta. Kazi moja ningeweza kuipanga upya. Je, sare za shule, vitambaa vya harusi na nyingine zote? Ilikuwa afadhali kuirudishia diski herufi yake.

Nikafungua sehemu ya kusimamia diski, ambayo nilikuwa sijawahi kuigusa. Nikaichagua E, nikaomba kubadilisha herufi. Kwenye orodha iliyotokea, D haikuwamo. Nilikodoa macho mpaka nikaelewa: herufi moja haipewi diski mbili, na D bado ilikuwa ya sidii. Basi nikaanza na sidii, nikaipa Z. Niliporudi kwenye E, D ilikuwa imejitokeza. Nikaichagua. Kompyuta ikatoa onyo kwamba programu zinazotegemea herufi hizo huenda zikaacha kufanya kazi. Je, niendelee?

Nikaondoa mkono kwenye kipanya.

"Inasemaje?" wifi akauliza bila kuinua macho.

"Inasema nikibadilisha, programu zinaweza kugoma."

"Kwani si zimeshagoma?"

Nikacheka bila kutaka, nikabofya ndiyo.

Hakuna kilichoonekana kutikisika. Nikaita kazi ya kina mama, na msalaba ukaja, masuke yakaja, jina likakaa chini. Nikabana blauzi ya kwanza, mashine ikaanza kugonga. Wifi naye alikuwa ameshabana yake kwenye fremu ya mbao, anaidarizi kwa cherehani ya miguu. Alipomaliza, aliileta blauzi yake tuilinganishe na za mashine. Masuke yake yalikuwa yameinama kidogo, kama yaliyopigwa na upepo.

"Hii tumpe mwenyekiti," nikasema. Naye akaipiga pasi mwenyewe, kwa uangalifu ambao sijawahi kumwona akiutumia kwa nguo za watu.

Mwenyekiti alikuja kuchukua mzigo. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akaishika blauzi yake, akaitazama, kisha akatazama nyingine.

"Imetulia kweli. Mbona haifanani na hizi?"

"Hiyo yako imedariziwa kwa cherehani ya miguu, mama," nikasema.

"Ahsanteni, wanangu. Lakini sare ni sare. Wenzangu watasema nimejipendelea."

Wifi alinyoosha mkono kuchukua wembe, afumue. Nikamzuia. Kitambaa kilikuwa kimebaki, akashona nyingine mwenyekiti akisubiri kwenye benchi, mimi nikaidarizi kwa mashine. Mwishowe mgeni wetu akapanda bodaboda na furushi lake.

"Kuna mahali humo ndani pa kuweka masuke yangu?" wifi akauliza.

"Papo," nikamwambia. Niliyapiga picha kwa simu, nikayaingiza kwenye kompyuta na kuanza kuyachora upya juu ya picha, naye amevuta kigoda karibu yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nikayahifadhi kwenye D. Tulipoyajaribu juu ya kitambaa, alitikisa kichwa.

"Ya kwangu yamelala zaidi."

Nimeyarekebisha mara nyingi tangu hapo. Wateja huyachagua wenyewe wakiyaona kwenye sampuli tulizotundika ukutani, lakini wifi bado anasema hayajalala vya kutosha.