Mguu Mmoja wa Hina

Harufu ya hina iliyokandwa kwa ndimu huwafurahisha wenzangu. Mimi hunipandisha hasira, na nikiwa harusini hutoka nje nikisingizia joto.

Hebu twende Msambweni, wakati uhuru ungali mpya na sisi watoto tunapeperusha bendera za karatasi hata chooni. Dada yangu Mwanaisha alikuwa aolewe, na wa kumpaka hina alikuwa Mwanajuma. Alipozaliwa aliitwa Juma, akalelewa kama mvulana, lakini tangu utotoni alisema yeye ni msichana. Alipobaleghe akajifunga leso na kukaa na wanawake. Wakubwa walinong'ona, ila harusi ikikaribia walinyamaza, kwa sababu hakuna aliyechora maua membamba kama yake mpaka Vanga.

Alasiri ile alimaliza mguu wa kulia wa dada, akaupuliza ukauke, akimtania kwamba bwana harusi atasahau kula. Ndipo binamu yetu Hamisi alipoingia uani na wenzake, wameshika bakora. Walimburura Mwanajuma, wakampiga, zaidi mikononi, wakisema wanamfunza uanaume. Bakuli la hina likapinduka. Wanawake walipiga mayowe, na wanaume waliokuwa barazani hawakuinuka.

Kesho yake wazee waliketi kuyamaliza, ndiyo desturi yetu. Mwanajuma alikuja mikono imevimba, imefungwa vitambaa.

"Juma mwanangu, waombe radhi wenzako, tusome Fatiha, yaishe," alisema baba.

"Niombe radhi mimi niliyepigwa, ami?"

Fatiha ikasomwa, kahawa ikamiminwa, Hamisi akala tende. Mwanajuma alishika njia ya Vanga kwa miguu, na hatukumwona tena.

Mama alileta mpakaji mwingine. Dada akauvuta mguu wake wa kushoto ndani ya leso.

"Huu ni wa Mwanajuma. Nitamngoja," akasema.

Mama alimbembeleza, shangazi akamtukana, wapi! Aliingia kwa mumewe hivyo hivyo, mguu mmoja una maua na mmoja mtupu. Mimi niliona ni ukaidi tu, tena wa kutuaibisha mbele ya wageni.

Miaka ikapita. Hamisi akaoa, akamvunja mkewe mkono. Wazee wakaketi barazani pale pale, na mke, mkono wake umefungwa kitambaa shingoni, akaambiwa aombe radhi. Safari hii mmimina kahawa nilikuwa mimi. Nilimtazama Hamisi akichagua tende bila wasiwasi wowote, nikaacha kumimina kwa hasira. Nani alimfunza kwamba kipigo huishia kwenye kahawa? Tulimfunza sisi, siku ile, kisha tukasema yameisha.

Mji mzima, aliyekataa kwamba yameisha alikuwa bibi harusi mmoja, nasi tukaucheka mguu wake.