Otilia na Madoa ya Avelina

Otilia wa Matiri hakuwa na subira na wajinga, na mwaka 1995 walimjia kwa wingi.

Bintiye Avelina, wa miaka minne, alikuwa ametoka kuugua mafua. Wiki mbili baadaye Otilia akimwogesha aliona miguu imejaa vidoa vyekundu, na mgongoni alama za bluu kama za kipigo. Mtoto hana homa, anacheza.

"Umempiga," mama mkwe wake, Gaudiosa, akasema.

"Mama, ningempiga ungesikia. Wewe husikia hata panya akipita darini."

Gaudiosa akalipeleka neno kwenye jumuiya ya kanisa, na wanawake wakasali rozari nzima kumwombea mama katili. Otilia alikaa katikati yao, akaitikia kila Salamu Maria kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kisha akaenda kwa Tarsisi. Huyu alikuwa mpima kahawa wa ushirika. Wanunuzi binafsi walipoingia na ushirika ukalegea, akafungua duka la dawa, akavaa koti jeupe, akaacha kuitika asipoitwa daktari.

"Damu yake imezidi, inatafuta pa kutokea," akatangaza, na kumpa aspirini.

Siku ya tatu pua ya Avelina ilianza kutoka damu asubuhi, na mpaka saa sita ilikuwa haijakata. Egidi, baba wa mtoto, akashauri wamwite Tarsisi. Otilia alimtazama mumewe kama mtu anayetazama gogo, akambeba mtoto mgongoni, akadandia lori la mahindi. Kesho yake aliteremka hospitali ya misheni kando ya ziwa.

Daktari Cuthbert, Mnyasa mwenye mvi, alipima damu kwa hadubini, akarudi na maswali.

"Mama, umempa dawa gani?"

"Aspirini."

Daktari akatikisa kichwa. "Mtoto hajapigwa. Kwenye damu kuna chembe ndogo za kuziba mishipa inapochubuka. Zake zimebaki chache mno. Mwili ulijitengenezea kinga ya kupambana na mafua, sasa kinga hiyo imekosea njia, inaziharibu chembe za mwili wenyewe."

"Kwa hiyo hata mwili wake ni mjinga?"

"Umekosea tu. Watoto wengi hupona, hata bila dawa. Ila aspirini inazidhoofisha hata zile chache zilizobaki."

 Vidonge vile Otilia alivisaga mwenyewe kwa kijiko, akavitia sukari, akamwambia mtoto ameze vizuri. Wodini, akimlinda asianguke kitandani, dharau yake yote ilimgeukia yeye mwenyewe. Alijiona mjinga kuliko Tarsisi, maana Tarsisi angalau hakuwa mama.

Avelina alipewa vidonge vya kutuliza kinga. Damu ilikata, na baada ya wiki tatu ngozi ilitakata.

Waliporudi Matiri, Tarsisi alisema mbele ya wateja, "Si niliwaambia damu itatulia?"

"Ulipopima kahawa yetu ulikosea, tukavumilia," Otilia akamjibu. "Kahawa haitoki damu."

Wateja walicheka sana, kisha wakanunua dawa zao. Gaudiosa naye alieleza kijiji kizima kwamba ni rozari yake iliyomponya mtoto.

Otilia hakubishana tena. Lakini mama yeyote akiona vidoa kwa mwanawe, alikwenda kwake kwanza. Otilia alimkaripia vya kutosha, halafu akamsindikiza hadi barabarani, wakasubiri pamoja gari la kwenda hospitali.